Safu ya Mwaka 2050

Kisanduku cheupe kwenye kompyuta,
kishale kinapepesa kama jicho lililoingia vumbi:
mwaka elfu mbili na hamsini, viwanda vyote,
gesijoto zisizo hewa ukaa. Jaza.
Mkuu anataka jibu kabla ya saa tisa.
Nje ya dirisha Mtumba inajengwa,
kila ghorofa limeangikwa viyoyozi
kama kuku wa mnadani ubavuni mwa lori.

Hewa ukaa naijua.
Ina moshi, ina ankara ya dizeli, ina mashahidi.
Hizi nyingine hutoka bila kuaga.
Jana, ukingoni mwa daftari, badala ya tarakimu
nilijikuta nimeandika ubeti:

    Hewa haina harufu, wala rangi ya kuona,
    Itokapo ni hafifu, hata kelele hakuna,
    Umri wake mrefu, unawapita vijana,
    Nami hesabu pungufu, naijazia kwa jana.

Nikampigia Ndahani, fundi wa majokofu, Kizota,
anayehudumia chumba baridi cha zabibu cha Sechelela.
"Mwaka jana uliongeza gesi kilo ngapi?"
Akacheka. "Mama Takwimu, mtungi ukiisha
nanunua mwingine. Hiyo nayo si hesabu?"

Ni hesabu. Mitungi minne.
Kilo hamsini na nne zimeingia,
na bomba ni lilelile, halijanenepa.

Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi.
Tulifundishwa hivyo, tukacheka darasani.
Ila mchukuzi wa mzigo huu hajazaliwa bado,
na tone kwa tone, sisi ndio tunaomjazia.

Kule kituo cha umeme nako nilifika.
Swichi ndefu zimesimama juani, matumboni mwao
gesi ambayo kilo yake moja
inachemsha anga kama tani ishirini na zaidi za hewa ukaa.
Mlinzi akanionyesha geji:
mshale umeshuka upana wa ukucha.
"Kidogo tu," akasema.
Nikaandika, *kidogo tu*, nikaikatia mstari,
nikainua macho kwenye kibao cha kituo: ZUZU.
Nikahisi nimeitwa kwa jina.

Nina mistari mitatu kwenye grafu.
Wa chini unaamini tutakuwa waangalifu.
Wa kati unaamini tutabaki kuwa sisi.
Wa juu nimeufunika kwa kiganja,
maana binti yangu alipita nyuma ya kiti
akauliza, "Huo mlima unaitwaje?"

Jumamosi nikaenda Kizota mwenyewe.
Ndahani akachovya brashi kwenye kopo la sabuni ya kipande,
akapaka kiungo cha shaba, akasogea kando
kama mtu anayempisha mgeni.
Povu likavimba. Likapasuka. Likavimba tena.
Miaka sita naikadiria, na hiyo ndiyo mara ya kwanza
nimeiona: inapumua taratibu,
kama kichanga kilicholala.

Sechelela alikuwa na kreti la zabibu kiunoni.
"Kumbe anayenimalizia hela ni huyu?"
Hakuna aliyemjibu. Spana ilizunguka robo tu.
Povu likatulia, likabaki sabuni.

Jumatatu nikafungua jedwali.
Nikapunguza kile kiungo, kwa mwaka huu,
kwa mwaka ujao, hadi hamsini,
nikijua kabisa nati hulegea na mafundi huzeeka.
Tarakimu haikutikisika.
Jedwali letu linazungusha kwa maelfu ya tani;
Ndahani na spana yake wamepotelea
nyuma ya nukta, mahali pasipochapwa.

Basi chini ya safu, kwa herufi ndogo,
nimeongeza maelezo:
*Kiungo kimoja, Kizota. Kimekazwa.*

Mkuu ameuliza kama hilo ni kosa la uchapaji.
Nimemwambia aliache.